Kulisingizia Jua

Kila alasiri, kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Kasuku hakuwafuata wenzake uwanjani. Alipita nyuma ya madarasa, akaruka mfereji, akaingia zahanati kwa mlango wa uani, akanawa mikono, kisha akaketi mbele ya redio. Mama yake ndiye aliyekuwa muuguzi wa zahanati ile, nao waliishi katika vyumba viwili vilivyoshikamana nayo. Babu yake mzaa mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye kibaraza upande wa pili wa ukuta, na dirisha la chumba cha redio lilifungukia mgongoni pake. Hivyo msichana huyu alikulia baina ya sauti mbili, cherehani ikitatarika nje na redio ikivuma ndani.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na likizo. Mama yake aliona heri kuufanyisha kazi ulimi huo kuliko kuuacha uzurure. Milima iliuzunguka mji wao pande zote, na simu za mkononi hazikushika hata ukipanda juu ya paa. Kilichowaunganisha na hospitali kuu ni redio ya mawimbi mafupi, sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Kila asubuhi saa mbili, na kila alasiri saa kumi, hospitali iliviita vituo vyake vyote, kimoja baada ya kingine. Wito wa asubuhi mama aliuitikia mwenyewe. Wa alasiri ulimkuta kila mara akifunga vidonda na kupima watoto, na tangu mwaka uliopita alikuwa amemkabidhi binti yake.

"Kazi hii si mchezo," alimwambia siku ile ya kwanza. "Anayeketi kwenye kiti hiki ni sikio la watu wote wa hapa. Sikio likilala, sote tu viziwi."

"Sitalala, Mama."

"Wote husema hivyo, mwanangu. Tutaona."

Kwa muda mrefu Kasuku hakulala. Alijua kusema, "Makao, Makao, hapa Kilima, nakupata vizuri, ovaa," kwa sauti iliyonyooka hata mtangazaji wa redio ya taifa angemwonea wivu. Makao lilikuwa jina la hospitali hewani, Kilima la zahanati yao, na "ovaa" ilimaanisha nimemaliza, sema wewe. Aliyemjibu huko alikuwa mtu mmoja mnene, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kila sentensi, ambaye watu walimwita Bwana Mitambo. Wakati fulani alifika Kilima kubadilisha waya wa antena, na Kasuku akamwandama kwa maswali tangu ngazi iliposimamishwa hadi ilipolazwa.

"Sauti yangu inaivukaje milima hii yote?" alimwuliza.

Bwana Mitambo aliutwaa mpira wa Kasuku, akaurusha ukutani, ukadunda na kumrudia mikononi. "Hivi. Juu kabisa angani, mahali ndege hazifiki, pana tabaka la hewa lililochomwa na miale ya jua. Hilo ndilo ukuta wetu. Sauti yako inapanda, inagonga pale, inarudi chini upande wa pili wa milima. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na ukuta ukibomoka?"

Yule bwana alikohoa, akacheka. "Una akili ya kishetani, mtoto wewe! Haubomoki. Ila jua lina ghadhabu zake, na ghadhabu zake ni mbili. Ya kwanza huja ghafla, mchana: jua linalipuka mahali fulani usoni pake, na hewa ya chini ya ukuta inakuwa kama udongo mbichi. Rusha mpira kwenye udongo mbichi, utanata. Hiyo hupita baada ya saa moja hivi, nawe upande masafa ya juu. Ya pili huchelewa. Jua linatema vumbi lake, vumbi linasafiri siku mbili tatu mpaka lifike duniani, likifika linautikisa usumaku wa dunia nzima, hata sindano ya dira hutetemeka. Hapo mawimbi huparaganyika kwa siku kadhaa. Laweza kukinyamazisha kituo kimoja na kukiacha kingine. Hapo ushuke masafa ya chini."

"Na usiposikia kitu kabisa?"

"Subiri robo saa, uite tena. Kisha uite tena. Kimya si jibu, Kasuku. Mtu wa redio hamwachii jua neno la mwisho."

Maneno hayo Kasuku aliyahifadhi yote kama mtu anayehifadhi sala. Ole wake, la mwisho ndilo alilolisahau kwanza.

Mwaka ule, wiki chache kabla ya mitihani, ghadhabu ile ya pili ilifika. Redio ilivuma na kutatarika kama mafuta kikaangoni, na sauti za watu zikawa vipande vipande, kisha zikazama kabisa. Mama alidhani betri imekufa. Mhudumu wa zahanati alidhani panya wamekula waya. Ni Kasuku aliyewaeleza kwamba panya hawana kosa, ni jua limechafuka, akasimulia habari ya ukuta, ya vumbi na ya sindano ya dira. Habari ikaenea. Mwalimu wa sayansi akamsimamisha mbele ya darasa aeleze, na wenzake wakapiga makofi. Kwa siku tatu msichana yule alitembea mjini shingo juu, wagonjwa kwenye benchi wakimwuliza, "Mtaalamu, jua lako limepoa?" naye akijibu kwa uso mzito, "Bado." Sifa ni kitu kitamu, na chenye utamu kupita kiasi huozesha meno.

Katika siku hizo hizo, jambo moja liliikalia nyumba yao kama mzigo. Macho ya babu yalikuwa yakififia. Jicho la kushoto liliona kama kwa moshi, na la kulia lilianza kufuata. Mama alikuwa amempima na kutambua presha ya macho, ugonjwa unaousonga mshipa wa jicho kidogo kidogo mpaka ufe. Daktari wa macho alikuwa amefika hospitali kuu, mmoja wa wale wanaozunguka nchi nzima na kuonekana kwa nadra. Kabla redio haijazama, babu alikuwa amepangiwa upasuaji, nao ulikuwa wa siku ya sita tangu jua lichafuke.

"Nikirudi," babu alisema huku akipapasa tundu la sindano, "nitakushonea gauni la mahafali, Kasuku. Na mshono wake, hata mchwa hatapata pa kupenya."

"Ukikosea mkono je, Babu?"

"Nikikosea mkono, utavaa wewe, aibu ni yako!" Wakacheka wote wawili.

Siku ya nne, asubuhi, mama aliita Makao bila kujibiwa. Alasiri ya siku hiyo shule yao ilikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya shule ya bondeni. Nahodha wa timu alikuwa msichana mrefu, mwenye mdomo mkali, na alimkuta Kasuku akitaka kuruka mfereji kama kawaida yake.

"Huyo anakwenda kuolewa na sanduku lake!" Nahodha alisema, na wasichana wakaangua kicheko. "Kasuku, mlinzi wetu ameteguka mguu. Tunakuhitaji wewe."

"Saa kumi nina wito."

"Wito gani? Si wewe mwenyewe uliyesimama darasani ukatuhubiria kwamba jua limeua redio?"

"Bado halijapoa."

"Basi unakwenda kumwita nani? Jini? Twende bwana, acha kujitia mtu mzima."

Kasuku alisimama, mguu mmoja ng'ambo ya mfereji. Alijiambia kwamba Nahodha amesema kweli. Asubuhi redio ilikuwa imekufa. Kwa nini iwe imefufuka alasiri? Siku tatu imevuma tu. Hata akienda, atasikia mafuta yale yale kikaangoni. Hakuna mwongo hodari kama moyo unapotaka kitu, maana humdanganya mwenyewe kwanza, kisha ndipo hutafuta wengine. Akaurudisha mguu.

Walishinda. Kasuku alidaka mipira miwili ya hatari, akabebwa mabegani. Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeinama, na mama yake alikuwa akichemsha vyombo vya sindano.

"Umechelewa. Makao wamesemaje?"

Ulimi wake haukukwama hata kidogo. "Hakuna kitu, Mama. Nimeita mpaka koo limekauka. Nimeshuka masafa ya chini, nimepanda ya juu, ni mlio tu. Jua bado limechafuka. Nikaona nipite uwanjani mara moja."

Mama alimtazama, akatikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Jua hili nalo! Basi kesho tutaita tena."

Nje, cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Asubuhi ya pili mama aliwasha redio, na sauti ya Bwana Mitambo ikaingia safi kama kengele ya kanisa.

"Kilima, hapa Makao. Mgonjwa wenu wa macho yuko wapi? Daktari anafanya wa mwisho mwisho, ovaa."

"Makao, mgonjwa wetu ni wa kesho, ovaa."

Kikohozi. "Sista, jana alasiri nilitangaza. Daktari ameitwa mkoa mwingine kwa dharura, anaondoka leo saa sita. Nilisema wagonjwa wote wateremke jana ile ile. Wenzenu wote wamefika. Nyinyi nimewaita mpaka nikachoka, ovaa."

Mama alikiachia kipaza sauti kikaning'inia kwenye waya wake. Kila jioni lori la mbao huteremka kwenda mji wa hospitali, nalo lisingeshindwa kuwachukua wagonjwa. Jana liliondoka kama kawaida, mbele ya macho yao, nafasi tele.

Walipata gari dogo la mizigo. Mama alimwachia mhudumu zahanati, akamketisha babu mbele, yeye na Kasuku wakapanda nyuma kwenye magunia. Njia nzima mama hakusema ila neno moja: "Upesi, upesi," kana kwamba dereva angemsikia. Kasuku naye alikuwa akiomba. Hakuomba asamehewe. Aliomba tu wafike kabla ya saa sita, jambo lote lizikwe lisijulikane.

Walipofika, daktari alikuwa amekwisha kuondoka, na shuka za kitanda cha upasuaji zilikuwa zimekwisha kufuliwa.

Mganga mkuu wa hospitali aliwapokea ofisini mwake, akampima babu kwa uangalifu na kuandika dawa ya matone. Alisema kwamba dawa itajitahidi kulishikilia jicho la kulia. La kushoto hakulisemea neno. Aliweka tu kifuniko cha kalamu yake polepole. Mama alimwelewa. Na kwa kuwa uchungu hutafuta mlango wa kutokea, akasimama.

"Mganga Mkuu, nataka kushtaki. Mtu wako wa redio hakutuita jana."

Bwana Mitambo aliitwa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Hakuwa na sifa njema ya kujifunika nayo, maana mwaka mmoja kabla alikutwa amesinzia zamu yake, akaonywa kwamba kosa la pili litakuwa la mwisho.

"Niliwaita," alisema. "Mawimbi yalikuwa yamekwisha kutulia tangu saa nane. Vituo vingine vyote viliitikia."

"Vituo vingine viko bondeni!" mama akamkatiza. "Wewe mwenyewe ulimfundisha mwanangu kwamba jua laweza kukinyamazisha kituo kimoja na kukiacha kingine. Ulimfundisha, hukumfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Haya. Binti yangu aliketi pale saa kumi, akaita mpaka koo likakauka. Kama hukumsikia, ulikuwa umelala. Mwanangu hasemi uongo, Mganga Mkuu. Hili naapa mbele yako."

Bwana Mitambo aligeuka, akamtazama Kasuku kwa macho ya mtu anayezama na kuona tawi.

"Kasuku, mwanangu. Sema. Uliniita?"

Msichana aliyaona yote kwa mara moja. Aliona kwamba hakuna shahidi duniani awezaye kumpinga. Jua halina mdomo. Aliona pia uso wa mama yake, uliokwisha kuapa.

"Nilikuita," akajibu.

Bwana Mitambo aliinamisha kichwa. Hakukohoa. Mganga mkuu akashusha pumzi. "Bwana, nilikuonya. Kakabidhi funguo, usubiri barua yako."

Walitoka. Mama alikwenda dirisha la dawa, na Kasuku akabaki kwenye benchi la ujia, mkono wa babu ukiwa begani pake. Kupitia mlango wa chumba cha redio, walimsikia Bwana Mitambo akifungua droo na kuifunga, akikusanya vitu vyake.

"Kasuku," babu alisema kwa sauti ya chini. "Mtu macho yakimwacha, masikio hufanya kazi ya wawili. Jana saa kumi nilikuwa nashona chini ya lile dirisha. Kila siku redio huvuma mgongoni mwangu kama nyuki, hata jua likiwa limechafuka. Jana haikuvuma."

Msichana alimgeukia. "Babu… mbona hukusema mle ndani?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Unisamehe, Babu. Unisamehe." Sauti ikamtoka kama ya mtoto mchanga.

"Mimi nimekusamehe tangu jana, nilipodhani ni utoro wa kawaida tu. Lakini jicho, mjukuu wangu, halijui kusamehe." Akageuza sikio kuelekea chumba cha redio. "Na yule anayefunga droo zake, ana watoto. Mimi sitakusemea. Nenda kwa miguu yako."

Kulikuwa na hatua chache tu kutoka benchi lile hadi ofisini, lakini Kasuku alisema baadaye kwamba hajapata kutembea njia ndefu kama ile. Mama yake alikuwa akirudi na chupa ya matone. Alimwona bintiye akisukuma mlango bila kubisha, akamfuata, akasimama kizingitini.

"Sikumwita," Kasuku alisema mbele ya mganga mkuu. "Sikuiwasha redio. Nilikwenda kucheza mpira. Nilidhani bado… Hapana. Sikudhani. Nilitaka tu iwe bado."

Mganga mkuu alimtazama muuguzi wake wa miaka mingi, naye muuguzi akatazama sakafu. Bwana Mitambo aliitwa kwa mara ya pili, mfuko wa vitu vyake mkononi. Ndipo mama, ambaye wagonjwa wa mji mzima walisimama alipopita, akapiga magoti mbele ya mtu yule.

"Niliapa uongo juu yako, ndugu yangu. Sikujua, lakini niliapa. Nakuomba radhi."

"Inuka, Sista. Inuka, tafadhali." Alimwinua. Kisha akamgeukia Kasuku, na upole wote ulikuwa umemtoka. "Nilikufundisha habari za jua ili ujue namna ya kulivuka. Wewe ukalifanya sahani ya kufunikia. Neno lako moja lilinitoa kazini. Hilo nitalikumbuka."

Akarudi kwenye mitambo yake. Hakumpa mkono.

Mama hakumpiga. Laiti angempiga, Kasuku angelia na yangekwisha. Alichofanya ni kuufunga mlango wa chumba cha redio na kuutundika ufunguo shingoni mwake. Wito wa alasiri akauitikia mwenyewe, wagonjwa wakimngoja kwenye benchi na kunung'unika. Uwanjani wasichana walikwisha kupata habari, maana dereva wa gari la mizigo hakuwa bubu. Nahodha, yule aliyemwita kucheza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtania: "Tahadharini, mwaka huu mvua ikikosekana, Kasuku atasema ni jua!" Wakacheka. Naye akapita katikati yao, kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jicho la kushoto la babu lilikufa kabla ya mitihani kwisha. Siku moja mteja alirudisha shati lenye kola iliyopinda, akalitupa juu ya meza bila salamu. Babu aliipapasa ile kola kwa vidole, akacheka kicheko kikavu, akasema, "Kweli, imelewa hii." Baada ya hapo wateja walipungua. Kasuku alianza kuketi kibarazani kila alasiri, akimtungia uzi kwenye sindano na kumwelekeza mkasi. Gauni la mahafali halikushonwa, wala hakuna aliyelitaja.

Baada ya muhula mzima, mama aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani. "Kaa kitini," alisema, basi.

Wiki zilipita, wito ukaitikiwa kila siku. Ikafika alasiri moja angavu, bila wingu. Ilijulikana kwamba daktari wa macho yu njiani kurejea, na siku yoyote Makao wangetangaza tarehe. Saa kumi Bwana Mitambo alianza, "Vituo vyote, sikilizeni kwa makini, habari za daktari wa…" na papo hapo sauti ikazimika kama taa iliyopulizwa. Kasuku aliita. Hapakuwa na jibu, wala mlio, ila kimya kizito kama cha kisima. Akatambua kwamba hii ni ile ghadhabu ya kwanza, ya ghafla.

Alikwenda chumba cha matibabu. "Mama, redio imenyamaza. Jua limelipuka."

Mama alikuwa akifunga bandeji mguuni mwa mzee mmoja. Mikono yake ilisimama. Hakusema, "Pole, mwanangu." Aliiacha bandeji nusu, akamwomba mzee yule radhi, akaenda chumba cha redio. Akaketi, akavaa vipokea sauti masikioni, akazungusha vitufe, akaita mwenyewe. Mgonjwa akingoja, yeye alisikiliza kimya kile kwa muda mrefu. Kisha akavivua.

"Ni kweli," alisema, akarudi kazini.

Kasuku alibaki amesimama, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilihitaji kukaguliwa kama maziwa ya mchuuzi aliyewahi kutia maji. Lakini hakuondoka. Alisubiri robo saa, akapanda masafa ya juu, akaita. Akasubiri tena, akaita tena. Wasichana wakapita dirishani na mpira wao, hakugeuka. Nje, cherehani ya babu ilikuwa imenyamaza, maana naye alikuwa akisikiliza. Jua lilipoanza kuinama, mvumo mwembamba ukarudi, kisha kikohozi.

"… ima, Kilima, hapa Makao. Nani yuko kitini, ovaa?"

"Makao, hapa Kilima. Ni Kasuku. Nakupata hafifu lakini nakupata, ovaa!"

Kimya kifupi, ambacho hakikutoka kwa jua. "Kilima, nina habari ya mgonjwa wa macho. Mpe mama yako kipaza sauti, ovaa."

Kasuku alikiweka kipaza sauti mezani. Alikwenda kumwita mama yake.

Babu aliteremka na lori la mbao jioni ile ile, akafika kwa wakati, na jicho la kulia likaokolewa. Haoni mbali, wala hatungi uzi mwenyewe, lakini anaitambua sura ya mtu na kukata kitambaa cheupe.

Siku babu aliporudi, mama alimkuta Kasuku akilia nyuma ya nyumba, karibu na waya wa antena. Akaketi kando yake.

"Unalia nini? Babu ameona, si ameona?"

"Ameona, Mama. Lakini siku ile nilisema kweli, na wewe ukaja kuhakikisha. Na Bwana Mitambo hakutaka hata kuniambia."

"Ndiyo. Na kesho nitakuja tena kuhakikisha, na keshokutwa pia." Mama hakuipoza sauti yake. "Sikiliza, nikuambie mara moja. Elimu ulipewa iwe taa, ukaigeuza pazia. Ukamsingizia asiye na mdomo, ukadhani umepona. Jua likichafuka, husafika lenyewe, baada ya saa au baada ya siku. Neno la mtu likichafuka, hakuna wa kulisafisha ila yeye mwenyewe, kwa kusema kweli leo, na kesho, na mwaka ujao, hata pale anapotiliwa shaka. Jicho la babu yako la kushoto halitarudi. Imani yangu kwako yaweza kurudi. Lakini usiniombe, itafute pale ulipoipoteza, kwenye kiti kile, saa kumi."

Akainuka, akakung'uta vumbi, akaingia ndani kwa wagonjwa wake.

Kesho yake saa kumi ilipogonga, Kasuku alikuwa kitini, na redio ikivuma. Mama yake naye alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.